Jeshi la Mezani Kwenye Mto Ruvuma

Mwanafunzi mpendwa, leo nakualika mezani, ila si kwa chakula. Juu ya meza hiyo pametandazwa kitambaa cha kijani, na katikati yake unapita utepe wa buluu mpana kuliko kiganja. Utepe huo ndio mto Ruvuma. Kusini mwake kipo kibanda cha kadibodi kilichoandikwa Kionga, na pande zote mbili wamesimama watu wenye kimo cha milimita 28, kila mmoja amepakwa rangi kwa brashi nyembamba kama sindano. Baadhi yao wamevaa kaki na tarbushi yenye kitambaa cha kuifunika shingo. Mchezaji mmoja anarusha dadu. Mwenziwe anapima kwa futikamba ni hatua ngapi kikosi chake kinaweza kwenda.

Hiyo ni burudani ya watu wazima, hasa huko Ulaya na Marekani. Mtu huchagua vita vya zamani, hukusanya visanamu vya majeshi yaliyopigana, huvipaka rangi za sare zilizovaliwa kweli, kisha huvichezesha dhidi ya jeshi la rafiki yake. Chimbuko lake ni darasa la maofisa: mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo wa ramani na dadu uliobuniwa na akina von Reisswitz, baba na mwana, ili kuwafundisha maofisa uamuzi wa vita. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akachapisha kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupigana kwa askari wa bandia na vimizinga vya springi. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikazuka, vikafika hata mdomo wa Ruvuma.

Nasi wa pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, ni vita vilivyochongwa katika mti. Lakini tazama tofauti. Kisanamu kikipigwa huondolewa mezani. Kete ikiliwa haitoki, bali huanza kumtumikia aliyeila. Nitairudia tofauti hiyo.

Je, nini kilitokea Kionga? Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua pembe ndogo ya ardhi iliyo kusini mwa mdomo wa Ruvuma, ambayo Wareno waliihesabu kuwa yao. Ukiiona katika ramani za Kireno imeandikwa Quionga, usidhani ni mahali pengine. Tarehe 9 Machi 1916 Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno, na tarehe 10 Aprili Wareno wakaingia Kionga. Wakapata tamaa ya kuvuka. Tarehe 27 Mei mashua zao zikajaribu kwenda ng'ambo, zikisaidiwa na manowari Adamastor na Chaimite, lakini bunduki za rashasha zilizofichwa ukingoni zikawarudisha. Septemba wakavuka kwa nguvu kubwa zaidi, Oktoba wakaitwaa Newala, na kabla ya Novemba kwisha walikuwa wameiacha na kurudi kusini.

Kwa mkusanyaji wa visanamu, hadithi hii ni tamu mno: mto, mashua, manowari, ngome, majeshi madogo yanayotosha meza moja. Na mkusanyaji mzuri, nakiri kwa heshima, ni mtafiti mkali. Atakesha akitafuta rangi sahihi ya tarbushi. Atajua kwamba askari wengi wa Kijerumani walianza vita wakiwa na bunduki za mwaka 1871, ambazo kila zikilia hutoa wingu la moshi likamwonyesha adui mpigaji alipo. Walimu wangapi wa historia tunalijua hilo?

Hata neno analolitumia ni letu. Mjerumani, Mwingereza, Mmarekani, wote wakiwa mezani husema "askari". Neno lilitoka katika Kiarabu, likapata uraia katika Kiswahili, kisha likasafiri na majeshi hadi katika kamusi za Ulaya, hasa likiwa na maana ya mwanajeshi Mwafrika aliyetumikia wakoloni. Wewe unayejifunza Kiswahili ujue kwamba kwetu askari ni yeyote, hata mlinzi wa lango la shule.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo ninapogombana na meza ile. Kampuni moja ya jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki ilikuwa na askari kati ya 150 na 200, Wazungu wasiozidi 20 hivi, na wapagazi wapatao 250. Mkusanyaji akiamua kisanamu kimoja kiwakilishe watu 10, atahitaji askari 15 hadi 20, Wazungu wawili, na wapagazi 25. Wapagazi ndio wengi kuliko wote! Lakini mezani utawakuta watatu au wanne, wameegeshwa pembeni kama pambo la mandhari, karibu na minazi ya plastiki.

Wapagazi hawakuwa pambo. Katika nchi yenye ndorobo, farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maradhi. Barabara za magari zilikuwa chache mno. Basi kila risasi na kila gunia la chakula lilipanda juu ya kichwa cha mtu. Mtu huyo naye anakula, na safari ikiwa ndefu hula sehemu ya mzigo wenyewe, hivyo wakahitajika wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Pande zote ziliwakamata wanavijiji kwa lazima. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa njaa, kwa uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao upande wa Waingereza, Carrier Corps, na wanunuzi wa nyanya hupita humo kila siku.

Na ile kete ya bao? Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha King's African Rifles, na ndani yake wakawatia askari waliokuwa wa Wajerumani. Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo von Lettow-Vorbeck alivuka hadi Ngomano, penye makutano ya Ruvuma na Lugenda, akaiteka kambi ya Wareno. Askari wake wakatupa bunduki za moshi wakachukua mpya za Kireno, na wapagazi waliotekwa wakatwishwa mizigo ya bwana mwingine. Bao lingeieleza siku hiyo kwa usahihi kuliko dadu.

Huenda ukaniuliza: mwalimu, ni halali kuchezea vita vya pwani hii, ambako tangu Oktoba 2017 watu wa Mocímboa da Praia, na mwaka 2021 watu wa Palma, wamekimbia nyumba zao? Vita hivyo vya leo mimi sitaviweka mezani, wala sitamruhusu mwanafunzi wangu aviweke. Wenye misiba bado hawajaanua tanga. Vya 1916 nimeviweka, kwa sharti la hesabu: atakayetaka askari 20 alete na wapagazi 25.

Mshahara wa mwalimu mwenye stashahada haununui visanamu vya risasi kutoka Uingereza. Darasani nilichora Ruvuma kwa chaki sakafuni. Askari walikuwa mbegu za mahindi, Wareno kunde, wapagazi karanga. Kila raundi, kikosi kisicho na karanga za kutosha hakikuruhusiwa kusogea. Wanafunzi walikasirika, wakasema mchezo unachelewa, na mmoja akasema kwamba kamanda hana kazi ila kuhesabu vyakula. Nikafurahi kimoyomoyo. Kabla ya kengele kulia, jeshi la Wajerumani lilikwama kabisa kaskazini ya mto: nusu ya wapagazi wake hawakuonekana. Uchunguzi ukaonyesha maganda chini ya dawati la nyuma.

Muhula ujao wapagazi watakuwa kokoto.