Kiasi, Kalibu na Kipenyo: Uchaguzi wa Bunduki ya Kuwindia katika Historia ya Ujiji na Msamiati wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Gungu leo ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kati ya bandari ya Kigoma na mji mkongwe wa Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, Gungu ilikuwa tayari na jina lake na mtawala wake. Burton anaitaja pamoja na Kawele, mahali misafara ilipofikia, na anamtaja Lurinda kuwa mkuu wa Gungu. Katika njia hiyo ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora zilipita shanga, nguo, chumvi, pembe za ndovu na watumwa. Zilipita pia bunduki, na pamoja nazo yalipita maneno.

Mhadhara huu unashughulikia maneno hayo. Swali lake la msingi ni jepesi kuliuliza: mwindaji anayetaka kumwua mnyama wa jamii ya swala achague bunduki ya ukubwa gani wa risasi? Kwa fundi wa silaha, hilo ni swali la uzito, kasi na umbali. Kwa mwanahistoria ni swali la nani aliruhusiwa kuchagua. Kwa mwanaisimu kuna swali la tatu: Kiswahili kiliwahi kuwa na maneno ya kulijibu? Inadaiwa mara kwa mara kwamba lugha hii haina istilahi za ufundi, na kwamba kila kipimo lazima kiazimwe kutoka Kiingereza. Historia ya pwani ya Ziwa Tanganyika inatoa ushahidi tofauti.

2.0 Mnyama na Jina Lake

Ni vyema kuanza na windo lenyewe. Vitabu vingi vya uwindaji vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humzungumzia mnyama ambaye Afrika Mashariki hayupo kiasili: yule wa familia ambayo madume yake huangusha pembe kila mwaka na kuota mpya. Barani Afrika, mnyama wa asili wa familia hiyo anapatikana kaskazini tu, katika misitu ya Algeria na Tunisia. Wanyama wa kusini mwa Sahara wanaofanana naye kwa umbo, yaani pongo, tandala, kongoni na wenzao, wana pembe za kudumu na ni jamaa wa ng'ombe na mbuzi.

Wafasiri walikutana na tatizo hili mapema. Katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano, mnyama wa Zaburi ya 42 anaitwa ayala, neno la asili ya Kisemiti ambalo wasomaji wengi hawalijui nje ya Zaburi hiyo. Kwingineko wafasiri huchagua kulungu au paa, na msomaji humwona mnyama wa porini kwake. Uchaguzi huo si wa kubezwa, ila mwindaji anapaswa kuwa mwangalifu nao. Pongo dume ana uzito wa kilo 40 hadi 80 hivi, ilhali wapo wanyama wa familia ya yule wa Ulaya na Marekani wanaozidi kilo 300. Anayefasiri ushauri juu ya ukubwa wa risasi bila kuangalia ni mnyama gani anayehusika atakuwa amefasiri maneno na kupotosha maana.

3.0 Maneno ya Misafara

Neno bunduki limetoka katika Kiarabu. Shina lake, bunduq, ni jina la tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu, na baadaye likawa jina la gololi iliyorushwa kwa upinde. Kwa hiyo silaha yenyewe iliitwa kwa umbo la kile inachorusha. Risasi nalo ni neno la Kiarabu, lenye maana ya madini yanayoyeyushwa kutengenezea gololi hizo. Marisau, yaani chembe ndogo za kupigia ndege, ni tawi la shina hilo hilo. Baruti imepita katika Kiarabu na Kituruki, na fataki imetoka katika lugha za Bara Hindi.

Kamusi za zamani, hususan ile ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinahifadhi uainishaji wa silaha hizi. Ipo bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi. Ipo ya gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche. Ipo ya fataki, yenye kofia ndogo inayolipuka inapogongwa. Hatimaye ipo bunduki ya viasi, inayojazwa kwa nyuma. Huu ni uainishaji kamili unaofuata namna ya kuwasha baruti na namna ya kujaza, na hauna neno hata moja la Kiingereza.

Neno kiasi linastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa asili ni kipimo. Mwenye gobori alipima baruti kwa mkono au kwa kibuyu, akaishindilia kutoka mdomo wa mtutu, kisha akafuatisha gololi. Aliyezidisha kipimo alihatarisha uso wake mwenyewe, na aliyepunguza alimjeruhi mnyama akamkosa. Ganda la shaba lilipokuja likiwa na baruti iliyokwisha kupimwa kiwandani, Waswahili waliliita kiasi. Jina hilo linaeleza hasa kilichobadilika, kwamba kazi ya kupima ilikuwa imeondoka mkononi mwa mwindaji.

Sambamba na kiasi lilikuwapo neno kalibu, yaani chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa ili yapate umbo. Gololi ya gobori ilitoka katika kalibu iliyolingana na mtutu. Neno hilo ni la Kiarabu, qalib, na wataalamu wengi wa asili ya maneno wanakubali kwamba neno la Kifaransa na la Kiingereza la kipenyo cha mtutu limetokana na shina hilo hilo. Wanamichezo na waandishi wa magazeti wanaosema leo “mchezaji wa kaliba yake” wanalitumia neno lililozunguka Ulaya na kurudi, huku ndugu yake, kalibu, akiwa amebaki nyumbani kwa mafundi.

4.0 Ukubwa Ulivyopimwa

Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, orodha ya silaha za msafara wake ilionyesha tabaka za zama zile. Askari na wapagazi walibeba bunduki za gumegume zipatazo 24. Yeye mwenyewe alikuwa na bunduki za kisasa za kujazwa kwa nyuma, zikiwamo mbili za kufyatua mara 16 bila kujazwa upya, na moja ya tembo iliyochukua gololi nane kwa ratili ya Kiingereza.

Kipimo hicho cha mwisho kinahitaji ufafanuzi, kwani kinapotosha hadi leo. Namba yake huhesabu gololi zinazopatikana katika ratili moja ya madini ya risasi, takriban gramu 454. Namba 8 ina gololi ya gramu 57 hivi na mtutu wa karibu milimita 21. Namba 12 ina gololi ya gramu 38 hivi na mtutu wa karibu milimita 18.5. Hivyo namba ikikua mtutu hupungua. Kipimo kingine huhesabu sehemu za inchi: .303 ni karibu milimita 7.7, na .375 ni milimita 9.5. Hapo namba ikikua mtutu hukua. Mfasiri anayeandika “bunduki ya namba kubwa” bila kusema ni kipimo kipi, hajasema kitu.

Ukubwa pekee haukutosha. Stanley ameeleza jinsi risasi laini zilivyobonyea kwenye ngozi nene ya twiga, na jinsi zinki ilivyotumika kuzikaza. Kanuni inayojitokeza hapo bado ni ya kweli. Risasi ya mnyama mwenye ngozi nyepesi kama pongo inatakiwa itanuke kidogo ndani ya mwili ili imwue upesi. Ya nyati au tembo inatakiwa ipenye bila kuvunjika. W. D. M. Bell, mwindaji wa pembe mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, akishikilia kwamba mahali risasi inapoingia ni muhimu kuliko unene wake. Hata hivyo, si kila mwindaji ana jicho na mkono wa Bell. Kwa sababu hiyo risasi ya .375, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland mwaka 1912, ilikuja kuchukuliwa Afrika Mashariki kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari. Kwa pongo, milimita 7 hutosha, mradi mwindaji asogee karibu na asubiri mnyama ageuze ubavu.

5.0 Nani Alichagua?

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliokusudia kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia pia uingizaji wa silaha katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Kwa Waafrika kwa jumla zilibaki bunduki za gumegume zenye mtutu laini usio na michirizi ndani, pamoja na baruti hafifu ya biashara. Bunduki za mtutu wenye michirizi ziliachiwa dola, na watu wachache waliopewa kibali.

Ni kweli kwamba silaha zilizopita Ujiji zilikuwa zimewatesa watu wengi wa ng'ambo ya ziwa, na kuzipunguza kulikuwa na haki yake. Lakini mpaka uliochorwa ulidumu kuliko biashara ya watumwa yenyewe. Serikali ya Kijerumani, na baadaye ya Kiingereza, ziliendeleza vibali vya silaha na leseni za uwindaji. Mgeni mwenye fedha alichagua kati ya milimita 7, .303 na .375 kulingana na windo lake. Mwanakijiji alibaki na gobori moja kwa kila windo, au bila bunduki kabisa, na akitoka nalo bila kibali aliitwa jangili. Mnyama aliyepigwa kwa gololi ya gobori kutoka mbali mara nyingi alikimbia na jeraha, kisha ukatili huo ukahesabiwa kuwa tabia ya mwindaji, wala si matokeo ya silaha aliyoachiwa.

Athari kwa lugha ni dhahiri. Mazungumzo juu ya kuchagua yalihamia katika ofisi na maduka yaliyotumia Kijerumani na Kiingereza. Maneno mrao, gumegume na viasi yalizeeka pamoja na vitu vyake, na vitu vipya havikupewa majina na watu waliozuiwa kuvimiliki. Risasi likabebeshwa mizigo mitatu kwa pamoja: madini, kipande kinachoruka, na kifurushi kizima chenye ganda, baruti na kichwa.

6.0 Hitimisho

Mzigo huo si suala la kamusi peke yake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Askari wa wanyamapori anaposema mahakamani kwamba ameokota “risasi tatu”, hakimu anapaswa kujua kama ni maganda matupu, vichwa vilivyotolewa mwilini mwa mnyama, au vifurushi ambavyo havijafyatuliwa. Kila kimoja kinathibitisha jambo lake, na uhuru wa mshtakiwa unaweza kutegemea tofauti hiyo.

Maneno ya kutofautisha yapo. Kipenyo kinafaa kwa upana wa mtutu, ganda na kichwa vinajulikana tayari na wengi, na kiasi, kikirudishwa katika maana yake ya zamani, kinaweza kusimama kwa kifurushi kizima na kuiachia risasi kazi yake ya asili. Waliopita Gungu na mizigo yao katika karne ya 19 walikuwa na neno kwa kila sehemu ya silaha waliyoibeba, kwa kuwa maisha yao yaliitegemea. Lugha haikupungukiwa na uwezo. Wasemaji wake ndio walioondolewa kwenye kazi iliyoyahitaji maneno hayo. Sasa kazi imerudi mikononi mwao, katika mahakama na katika ofisi za leseni, na maneno yafuate.