Tarumbeta katika Nchi ya Songea: Kutoka Beni hata Jazi

Bendi nyingi za dansi zilizoanzishwa Tanganyika kabla ya uhuru na mara baada yake zilijiita jazi: Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932, Morogoro Jazz ya 1944, Western Jazz ya 1959, na NUTA Jazz ya 1964. Lakini mtu azisikilizaye santuri zao hasikii mtindo wa swingi, ule wa bendi kubwa za akina Duke Ellington na Glenn Miller uliotawala Marekani tangu 1935 hata 1945. Asikia magitaa na mwendo wa rumba, na katika baadhi yake sauti ya tarumbeta na saksofoni. Kwa hiyo wako wasemao kwamba jina lilikuwa la kuazima, na muziki wenyewe ulikuwa kuiga tu. Historia ya ngoma za nchi ya Songea, ambayo Bombambili ni kata mojawapo ya mji wake, yaonyesha kuwa hukumu hiyo ni ya haraka.

Kwanza yafaa kuitazama beni. Ngoma hii ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, vijana walipoyatwaa matarumbeta na ngoma za askari wakayafanya yao. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo kamili, kingi na wakubwa wengine, na vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo. Vita vya 1914–1918 viliwakusanya askari na wapagazi wa makabila mengi, nao walipotawanyika waliichukua beni mpaka bara.

Zamani wilaya ya Songea ilifika hata ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Huko beni iligeuka ikawa mganda. Wachezaji walijipanga safu kama askari, wakaenda kwa mwendo wa gwaride, ngoma kubwa ikiwaongoza. Tarumbeta la shaba lilikuwa ghali, basi walitwaa vibuyu, wakavitoboa, na tundu moja wakaliziba kwa utando wa buibui. Vibuyu hivyo viliitwa malipenga. Mpigaji hapulizi tu, bali huimba ndani yake, na ule utando huikwaruza sauti yake hata ifanane na ya shaba. Hapa ndipo penye kiini cha jambo: watu hawa waliitwaa sauti ya tarumbeta bila ya kuwa na tarumbeta lenyewe, nao wakaitia nyimbo zao.

Tena Songea ilikuwa nchi ya kutoa vibarua. Serikali ya kikoloni haikuijengea njia ya reli wala mashamba makubwa, na mwanamume aliyetafuta fedha ya kodi alikwenda kuwa manamba katika mkonge wa Tanga na Morogoro. Miji hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya dansi. Morogoro peke yake ilikuwa na Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Huko pia zilivuma santuri za Kuba za mfululizo wa GV, zilizoanza kuuzwa Afrika mwaka 1933. Kijana aliyekulia penye malipenga hakuikuta katika santuri hizo sauti ngeni kabisa. Aliikuta sauti aliyoizoea, imepanda chombo kingine.

Hata huko Marekani, mpigaji wa tarumbeta atoapo santuri ya nyimbo kongwe za swingi, hasifiwi kwa kuzitunga, kwa maana zilitungwa na wengine. Husifiwa kwa namna azigeuzavyo ziwe zake. Basi kipimo hicho hicho chawastahili watu wa Songea. Mwenye kukitoboa kibuyu kikanena kama shaba amefanya kazi ya mwanamuziki, wala hakuna haki ya kumwita mwigaji mtu huyu na kumwita yule msanii.