Sheria ya 1998 na Titi Lisilokua
Mwaka 1841 Alfred Poland, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari katika hospitali ya Guy's, London, aliandika habari za maiti iliyokosa sehemu ya misuli ya kifua upande mmoja. Hali hiyo, inayoweza kumwacha msichana na titi moja tu, ilipewa jina lake zaidi ya karne moja baadaye. Hata hivyo, Marekani ilipotunga sheria ya bima mwaka 1998, haki ya kujengewa titi upya ilifungamanishwa na ukataji wa titi; asiyeota titi hakuwa na cha kukatwa. Kampuni za bima hudai kwamba kumjengea titi mtu kama huyo ni urembo, na gharama za urembo zisibebeshwe wanachama wote. Hoja ya gharama ina uzito. Ya urembo haina, kwani sheria hiyohiyo inalipia hata upasuaji wa titi la pili, lisilo na ugonjwa wowote, ili mawili yalingane. Ulinganifu ukishakubaliwa kuwa tiba kwa mmoja, unageukaje pambo kwa mwingine? California haikusubiri jibu: mwaka huohuo ilipitisha sheria iliyotaja waziwazi kasoro za kuzaliwa na za ukuaji, sambamba na majeraha na uvimbe, huku ikiziachia kampuni za bima nafasi ya kukataa upasuaji ambao ungeboresha mwonekano kidogo mno.