Tarehe ya Majina ya Heshima

Tangu Linnaeus wa Uswidi aweke utaratibu wa majina ya Kilatini yenye maneno mawili, mwaka 1753 kwa mimea na 1758 kwa wanyama, anayekieleza kiumbe kipya kwa maandishi ndiye mwenye haki ya kukipa jina. Afrika Mashariki, haki hiyo ilianzia mikononi mwa wageni.

Mwaka 1868 kima punju wa Unguja aliitwa kirkii huko London, kwa heshima ya John Kirk, daktari aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Mwaka 1872 swala granti akapewa jina la James Grant, mwenzake msafiri Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1882 pundamilia mwenye milia myembamba, zawadi ya Mfalme Menelik wa Shewa, Ethiopia, kwa Ufaransa, akawa grevyi, kwa ajili ya Rais Jules Grévy. Swala tomi alifuata 1884, jina likitoka kwa msafiri Joseph Thomson.

Mwaka 1893 ua la zambarau la Usambara likaitwa Saintpaulia, kwa sababu Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, ndiye aliyelipeleka kwao. Fedha nazo zilikumbukwa: fuvu la kale aliloliona mtafiti Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 liliitwa boisei, kwa heshima ya mfadhili Charles Boise.

Waliobeba mizigo, kutega na kuchimba walikaa muda mrefu bila kutajwa. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama mchimbaji wa akina Leakey, alikuwa na jicho la kutambua mfupa katikati ya changarawe. Ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya binadamu wa kale aitwaye kijana wa Nariokotome mwaka 1984. Mwaka 1982 nyani wa kale alipewa jina kimeui, na 1995 jenasi nzima ikaitwa Kamoyapithecus. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, akapata kereng'ende wa misitu ya Kenya, maathaiae. Mwaka 2015 kinyonga wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania akawa msuyae, kwa heshima ya mtaalamu Mtanzania Charles Msuya.

Kanuni hulinda jina lililotangulia, kwa hiyo Kirk na Grant wataendelea kutajwa. Lakini milima yetu bado inatoa vyura, vinyonga na mimea isiyo na majina. Haki itapatikana hapo, na hasa pale wanasayansi wetu watakapokuwa wao ndio wanaoandika.