Abdallah "King" Kibadeni: Mfungaji Aliyekuwa Mwalimu

Busunzu iko mbali na Dar es Salaam, lakini Redio Tanzania iliufikisha mpira wa Simba na Yanga hadi nyanda hizi za juu za Kigoma. Kati ya majina makubwa ya enzi hizo ni Abdallah Kibadeni.

MCHEZAJI
Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, Kibadeni akiwa kikosini. Iliifunga Mehalla ya Misri 1–0 nyumbani, ikafungwa 1–0 ugenini, kisha ikatolewa kwa penalti.

Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliichapa Yanga 6–0. Kibadeni peke yake alifunga mabao matatu: dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Mechi ilikuwa imeshaamuliwa zamani, naye bado alikuwa akilisaka lango.

KOCHA
Mwaka 1993 aliifundisha Simba hadi fainali ya Kombe la CAF, hatua ambayo hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imewahi kuifikia katika mashindano ya Afrika. Ilitoka sare 0–0 na klabu ya Stella mjini Abidjan, lakini ikalala 2–0 katika marudiano Dar es Salaam. Baadaye aliinoa Kagera Sugar ya Bukoba, na mwaka 2013 akarejea Simba.

Kibadeni anastahili heshima mara mbili: kwa mabao aliyofunga, na kwa kuthibitisha kwamba kocha mzalendo anaweza kuifikisha timu yetu fainali ya Afrika.