Nani Alilipa Siku za Kusubiri? Ujira wa Wachukuzi wa Mizigo Kilwa na Lindi

Katika maandiko mengi kuhusu historia ya Kusini mwa Tanzania, ubovu wa barabara huelezwa kama dosari ya eneo. Insha hii inauchukulia kuwa suala la ujira: mzigo unapokwama njiani, ni nani anayegharimia siku zinazopotea?

Katika karne ya 19, misafara iliyounganisha Kilwa Kivinje na Ziwa Nyasa ilitegemea vichwa na mabega ya watu, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Katika njia hiyo mpaka baina ya mpagazi na mtumwa haukuwa bayana daima. Vita vya Kwanza vya Dunia viliukuza mfumo huo. Mwaka 1917 majeshi ya Uingereza yalisonga mbele kutoka Kilwa na Lindi yakiwategemea wapagazi, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Kotekote Afrika Mashariki walikufa makumi ya maelfu, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi.

Lori liliutua mzigo kichwani. Kusubiri kukabaki palepale. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, malori yalivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yalipokolea safari ya Dar es Salaam ilikatika. Hata baada ya daraja, kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga zilibaki za udongo kwa miaka mingi. Dereva na utingo wanaolipwa kwa safari hupewa posho iliyokadiriwa kabla ya kuondoka. Wakikwama kwenye tope, posho ni ileile. Mwenye lori naye hupata hasara, lakini aweza kuifidia kwa kupandisha gharama za usafirishaji. Utingo hana wa kumpandishia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na malipo ya ziada kwa saa zinazozidi. Kipimo chake ni saa, ilhali barabarani hesabu ni ya safari. Je, anayelala chini ya lori akilinda magunia ya korosho yuko kazini? Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara eneo la Somanga na kutenganisha Lindi na Dar es Salaam, swali hilo lilirudi pamoja na foleni ya malori.