Nani alituwekea Muyaka?

Wasee, kama ulisoma ushairi shule ya upili, labda umekutana na Muyaka bin Haji wa Mombasa. Lakini ushawahi kujiuliza nani alituwekea mashairi yake? Muyaka alifariki karibu 1840. Diwani yake ilichapishwa 1940, Johannesburg. Miaka mia! Hapo katikati yalikuwa yanaishi wapi?

Mengi yalikuwa vichwani mwa watu. Halafu 1880 akafika Mombasa mmisionari Mwingereza, William Ernest Taylor. Jamaa alikipenda Kiswahili kweli: akatafsiri, akatunga hadi nyimbo za dini, na 1891 akatoa kitabu cha methali za Kiswahili kule London. Lakini kwa Muyaka alimtegemea Mwalimu Sikujua, mshairi wa Mombasa, aliyemkusanyia mashairi na kumfafanulia maneno magumu. Sikujua alifariki 1890. Diwani yenyewe ikaja kuhaririwa na William Hichens.

Simlaumu Taylor. Bila kalamu yake pengine tungepoteza mengi. Kinachoniuma ni kwamba mfasiri anatajwa, na aliyemfundisha anasahaulika.

Sasa njoo kwetu Siongiroi. Kogo wangu anajua nyimbo za Kipsigis ambazo sijaona zimeandikwa popote. Simu ninayo, bando ninalo, na bado sijamrekodi. Namngoja Taylor gani? Jumamosi hii naketi naye jikoni. Na jina la kwanza kwenye video litakuwa lake, si langu.

Wewe je, kogo wako anajua nini?